Ziara ya Ujiji: Sanamu Mbili na Majina Tuliyoyasahau



Ndugu msomaji, likizo iliyopita walimu na wazazi wa madrasa yetu hapa Bujumbura tulikaa kikao kuamua watoto tuwapeleke wapi. Wapo waliotaka ufukwe wa Rumonge, wapo waliotaka wakaone viboko. Mwishowe mzee mmoja akauliza: "Hawa watoto wanajua kwa nini nyumbani wanasema Kiswahili?" Kikao kikanyamaza. Ukimwuliza mtu mzima yeyote wa mtaa wetu asili ya ukoo wake, hachukui muda kabla hajaitaja Ujiji. Babu alitoka Ujiji, au alipitia Ujiji, au alisoma kwa mwalimu wa Ujiji. Lakini wengi wetu hatujawahi kufika huko. Basi tukakubaliana: tunakwenda Ujiji, na tutaingia katika makumbusho madogo yaliyoko pale.

Tulikodi basi dogo. Walikuwamo wanafunzi, wazazi wachache, na bibi mmoja mtu mzima sana aliyesema hawezi kuachwa. Nitamwita Bibi tu, kwa heshima yake.

JIWE LA MUGERE

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu na nyumbani. Kiasi cha kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, liko jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Watu wengi kwetu huamini kwamba hapo ndipo Wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikuwa wameshakutana Ujiji, wakapanda mtumbwi pamoja kuja kuitazama ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia ziwani, kwa sababu wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha mto Nile. Wakaona kwa macho yao kwamba Rusizi unaingia. Hapo Mugere walipumzika tu.

Niliwaambia watoto waliguse jiwe, kisha nikawauliza: "Mtumbwi ule ulipigwa makasia na nani?" Hakuna aliyejibu. Hata mimi sikuwa na jibu. Jiwe lina majina mawili, na wapiga makasia hawamo.

TULIPOFIKA UJIJI

Tulipita Rumonge na Nyanza-Lac, tukavuka mpaka kwa upande wa Manyovu, tukashuka hadi Kigoma. Ujiji iko kilomita chache kusini mwa mji wa Kigoma. Ni mji wa miembe, misikiti, na nyumba za udongo na bati. Watoto walifurahi kusikia lafudhi inayofanana na ya bibi zao.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Kuna uwanja wenye miembe ambayo husemwa ni uzao wa mwembe wa zamani. Kuna mnara wa jiwe uliojengwa mwaka 1927 wenye ramani ya Afrika. Na kuna sanamu mbili zenye kimo cha mtu, Livingstone na Stanley, kila mmoja amevua kofia kumwamkia mwenzake. Picha za ukutani na maelezo ya mwenyeji wako humalizia yaliyobaki. Ukienda kwa haraka, nusu saa inatosha. Sisi tulikaa mpaka adhuhuri.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mnara uko mbali na maji, wakati hadithi inasema wageni walikuwa karibu na pwani ya ziwa. Ni swali zuri. Wakati ule maji ya ziwa yalikuwa juu sana. Mwaka 1878 hivi ziwa lilivunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, na maji yakaanza kutoka kwa wingi. Katika miaka 15 hivi iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Kwa hiyo palipokuwa ufukwe siku zile leo ni nchi kavu.

Kisha msichana wa darasa la nne akauliza swali lililobadilisha ziara yetu yote. Aliziangalia zile sanamu mbili kwa muda, akasema: "Maalim, hawa wamekutana. Wakakaa, wakala. Chakula alipika nani?"

Wakubwa tulicheka. Lakini swali lilikuwa na jibu, na jibu lile ndilo sababu ya makala hii.

MJI ULIOKUWAPO KABLA YA MGENI

Kwanza tujue kwamba Ujiji haikuanza siku Stanley alipofika. Ilikuwa nchi ya Waha, yenye soko la siku nyingi. Watu walileta chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu wa ziwani, nafaka na majembe. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani walifika ziwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakifuata njia ndefu ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, safari ya miezi kwa miguu. Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, walikuta watu wa pwani wameshazoea njia ile, na walifika kwa kuongozwa na wanaoijua.

Mkubwa wa Waswahili wa Ujiji kwa miaka mingi alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja. Aliingia katika ukoo wa watawala wa Kiha kwa ndoa, akafanya biashara pande zote za ziwa. Mwaka 1881 alipokea bendera ya Sultani Barghash wa Zanzibar na kuwa liwali wake. Alifariki mwaka 1885. Kutoka Ujiji watu wa namna yake, pamoja na mabaharia wao, wapagazi wao na walimu wao wa Qur'ani, ndipo Kiswahili na Uislamu vilipovuka kwenda Uvira na Maniema upande wa Kongo, na Rumonge hadi Bujumbura upande wetu. Mtaa wa Buyenzi ni mtoto wa historia hiyo.

MGENI MGONJWA

Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813. Alifika Ujiji kwa mara ya kwanza Machi 1869, akiwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu. Alifikaje? Katika shajara yake ameandika mwenyewe kwamba mfanyabiashara Muislamu, Muhammad bin Gharib, alimuuguza njiani, akaamuru abebwe na watu wake mpaka ziwani. Bila ya wema ule huenda asingefika.

Akaenda Maniema, akarudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda na hana kitu. Mali aliyotumiwa kutoka pwani ilikuwa imeuzwa yote na mtu aliyepewa amana ya kuitunza. Kwa maelezo ya Livingstone, mtu yule, aliyeitwa Sharifu, alidai kwamba amepiga ramli kwa Msahafu akaona kuwa mwenye mali amekwisha kufa! Watoto walishtuka kusikia hivyo, na ni haki yao. Huyo alikusanya makosa mawili: hiana ya amana, na kukifanya Kitabu cha Allah kuwa chombo cha ramli. Lakini siku zile zile, mfanyabiashara mwingine wa pale pale, Sayyid bin Majid, alimwendea Livingstone na kumwambia kwamba hana bidhaa mkononi, ila anazo pembe za ndovu, na yuko tayari kuziuza ili amsaidie.

Niliwaonyesha watoto jambo hili: majina yote mawili ni ya Kiislamu, mji ni mmoja na wiki ni moja. Historia haitupi kundi la watu wema watupu wala kundi la watu waovu watupu. Inatupa watu, na kila mmoja na amali yake.

WALIOKUWA CHINI YA MWEMBE

Siku chache baadaye Stanley akaingia na msafara wake, bunduki zikilia kwa salamu. Yeye aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba, na ndiyo tarehe iliyozoeleka. Watafiti wengi wanaona kwamba Stanley alipoteza hesabu ya siku kwa homa, na kwamba huenda ilikuwa mapema zaidi, mwisho wa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba. Na kurasa za shajara yake zinazohusu saa ile ya kukutana zimechanwa. Hivyo salamu ile mashuhuri inayorudiwa dunia nzima haina ushahidi ila maneno yake aliyoyachapisha baadaye.

Sasa tuhesabu waliokuwapo.

Wa kwanza kumsalimia Stanley hakuwa Livingstone. Alikuwa ABDULLAH SUSI, mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi inayoitwa leo Msumbiji. Stanley anasema alimwona amevaa nguo ndefu nyeupe na kilemba cha kitambaa cha merikani, akamwamkia kwa Kiingereza. Ni yeye aliyekimbia kumpa bwana wake habari.

Wa pili alikuwa CHUMA, Myao, ambaye mwaka 1861, angali mtoto, aliokolewa kutoka katika msafara wa watumwa huko Shire, Malawi ya leo.

Wa tatu alikuja na Stanley mwenyewe. Huyu ni SIDI MUBARAK BOMBAY, naye Myao. Aliuzwa utumwani angali mdogo, akapelekwa India, akapata uhuru wake bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Alishiriki katika safari za Burton na Speke, za Speke na Grant, za Stanley, na baadaye akavuka Afrika nzima na Cameron hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Ni Wazungu wachache sana wa zama zile walioijua Afrika kama yeye.

Na wa nne ni jibu la yule msichana. Aliyepika aliitwa HALIMA. Stanley ameeleza namna alivyokuwa akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kwamba ni kweli wamo wageni wawili barazani, na furaha yake alipoona kwamba Daktari, aliyekuwa hataki chakula, sasa anakula. Livingstone naye amemsifu kwa uaminifu na uchapakazi, akaandika kwamba anakusudia kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na shamba huko Zanzibar. Livingstone alifariki kabla hajarudi Zanzibar.

Nilipomaliza kusema hayo, yule msichana aliangalia tena zile sanamu mbili akasema, "Basi Halima angesimama huku," akaonyesha pembeni kwenye kona. Mwenzake akamkatalia: "Hapana, asimame mbele. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi."

Jina la makumbusho ni la mgeni na sanamu ni za wageni. Hilo si kosa la anayetupokea pale, tena ametupokea vizuri. Ndivyo kumbukumbu zilivyotufikia. Stanley aliandika kitabu na Livingstone aliandika shajara. Halima hakuandika, wala hakuna katika jamaa zake aliyemwandikia.

WALIOMBEBA

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watu wake wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Badala yake Susi na Chuma waliuongoza msafara. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,600 hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya miezi 9 hivi. Njiani, karibu na Tabora, Mzungu Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Palipokuwa na watu wasiotaka maiti ipite nchini mwao, walifunga mzigo wa uongo wakaurudisha nyuma kama kwamba wameghairi, na mwili wenyewe wakaufanya ufanane na mtumba wa nguo. Halima alikuwamo katika msafara huo.

Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Katika wale waliombeba, mmoja tu alikuwapo mazikoni, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakasaidia kueleza yale ambayo shajara haikueleza. Susi alirudi kufanya kazi na Stanley, na mwaka 1881 alikuwa naye kilipoanzishwa kituo kilichokuja kuwa mji wa Kinshasa. Miaka ya mwisho alibatizwa, mwaka 1886, na akafariki Zanzibar mwaka 1891. Nalitaja hilo kwa sababu historia haichaguliwi kwa kuangalia linalotupendeza tu. Na tukishalikubali hilo, hatuna budi kusema na lililo zito zaidi.

HABARI NZITO

Ndugu zangu, njia ya Bagamoyo hadi Ujiji haikupitisha pembe za ndovu peke yake. Ilipitisha watu waliofungwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, kwa jina la njia ya watumwa na pembe. Wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu, wenye majina kama yetu.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, Maniema, watu wa misafara hiyo waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliuawa mamia. Livingstone alikuwapo. Aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu za mti, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia. Maandishi yale yalififia hata yakawa hayasomeki, hadi mwaka 2011 wataalamu walipoyasoma kwa kamera maalumu. Walikuta tofauti kati ya yaliyoandikwa siku ile na yaliyochapishwa kitabuni baadaye, pamoja na dalili kwamba hata baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe huenda hawakuwa safi. Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilizidisha shinikizo, na mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922. Huku kwetu Burundi Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wenye misafara ile wasiingie nchini mwake. Ndiyo maana Waswahili walikaa kandokando ya ziwa.

Mwanafunzi mmoja, kijana wa sekondari, aliniuliza kwa sauti ndogo: "Maalim, haya tuyaseme shuleni, au tunyamaze? Maana wanafunzi wenzetu wanatucheka kwamba Waislamu ndio waliouza watu."

Nilimjibu hivi, na ninalirudia kwa wazazi wote. Tuyaseme, tena tuyaseme sisi kabla ya kusemewa. Dini yetu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi, na imeweka fungu la zaka kwa kazi hiyo. Mtume wetu (s.a.w.) amefikisha onyo kali kwa anayemuuza mtu huru na kula thamani yake. Basi aliyevamia kijiji akafunga watu huru, alivunja amri ya dini aliyoitaja kwa ulimi wake. Kumtetea kwa sababu ya jina lake ni kuibebesha dini dhambi yake. Vile vile si haki kusema jambo lile lilikuwa la Waislamu pekee, maana walikuwapo machifu waliouza, wanunuzi wa mashamba ya karafuu, na masoko ya pembe ya Ulaya na Marekani yaliyofanya misafara iwe na faida. Lakini hilo la wengine tulitaje baada ya kukiri letu. Tukilitanguliza litakuwa kisingizio.

ALIYOYASEMA BIBI

Tulirudi jioni. Basi lilikuwa linapanda milima kuelekea Manyovu, watoto wengi wamelala. Bibi, ambaye kutwa nzima hakusema neno, akaniita: "Maalim, sogea hapa."

Akasema: "Nyumbani sisi huwaambia wajukuu kwamba ni watu wa pwani. Si kweli. Mama wa bibi yangu alikuwa Mmanyema. Alikuja Ujiji kwa miguu yake, lakini si kwa hiari yake. Alikuwa mdogo kama hao waliolala. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa akilitamka akiwa peke yake, na bibi yangu alilisikia. Mimi nimelificha miaka yote hii."

Nikamuuliza kwa nini alilificha.

"Aibu, mwanangu. Nilidhani ni aibu yetu. Leo nimeona wamelipa sanamu lile la kofia, nikasema moyoni, kumbe aibu ni ya aliyefunga watu, si ya aliyefungwa."

Akanitajia lile jina. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni la watoto wake na ni wao watakaoamua. Lakini usiku ule, kwenye taa ya basi, mjukuu wake aliliandika katika daftari lake, na chini yake akaandika: nimeambiwa na bibi, naye aliambiwa na bibi yake.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo sanad. Maulamaa wetu wa hadithi hawakupokea habari bila ya kuuliza: umeisikia kwa nani, naye kaisikia kwa nani? Sisi tuliorithi elimu hiyo, imekuwaje historia ya nyumba zetu ikakosa hata daftari moja? Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mwenye misafara mashuhuri kuliko wote, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Tajiri ameacha kitabu. Waliobeba pembe zake wameacha majina yaliyofichwa na vibibi.

KABATI LA MTAA

Tuliporudi hatukutaka yaishie hapo. Tuliomba kona moja ya darasa la madrasa, fundi seremala wa mtaani akatutengenezea kabati lenye kioo bila ya kutaka ujira, na akina mama wawili pamoja na vijana watatu wamejitolea kulifungua kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Hatuna bajeti wala mlinzi. Hayo ndiyo makumbusho yetu. Mpaka sasa yana mizani ya dukani, daftari la madeni la mwaka 1950 na kitu, kibuyu cha mawese, mbao mbili za kuandikia Qur'ani, kitabu cha kazi cha wakati wa Wabelgiji, na picha kadhaa.

Kati ya picha hizo iko moja ya watu 9 wamesimama mbele ya mashua. Tunajua jina la mmoja tu. Mzee aliyewajua wote tulipanga kumwendea baada ya Ramadhani. Alifariki katikati ya mwezi, Allah amrehemu. Nane waliobaki sasa ni watu wasiojulikana, na hakuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Kwa hiyo, kwa familia na wanafunzi wanaotaka kuanza, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na watu, vitu baadaye. Mizani itangoja mwaka mzima. Mzee hana ahadi hiyo.

2. Andika nani kasema, lini, na yeye kajuaje. Tofautisha alichokiona na alichokisikia.

3. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya. Picha isiwekwe juani.

4. Vitabu na karatasi viweke pakavu, juu ya sakafu, uvikague kila mwezi kwa ajili ya mchwa na unyevu.

5. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti au kuonyesha kitu cha mtu. Siri ya familia ni amana.

6. Waulize akina bibi. Wanaume hukumbuka safari. Mara nyingi wanawake ndio waliobaki na majina.

7. Usifiche baya. Ukilificha, mwingine atalisimulia kwa namna yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Watoto, waulizeni wazazi wenu: Mababu zetu walifika mji huu kutoka wapi, na kwa kazi gani? Ni jina gani la kale zaidi tunalolijua katika ukoo wetu? Nani alituambia? Na nani katika nyumba yetu alikuwa akipika, akilima na kubeba, wakati wengine wakikumbukwa?

Yule msichana wa darasa la nne amechora picha ya mwanamke anayechungulia kutoka jikoni, ameibandika ndani ya mlango wa kabati letu. Chini ameandika neno moja tu: Halima. Wageni wakija Jumamosi humwuliza ni nani huyu, naye huwasimulia.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, waliojulikana na wasiojulikana, kwani kwake Yeye hakuna aliyesahauliwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.